Maji ya Moto Kadiri Anavyovumilia

Panda, Likasi
12 Machi 1995

Yaya Philomène, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu Panda. Sisi, mimi na mke wangu, wazima, kama mtu anayekula mara moja kwa siku anaweza kuitwa mzima. Mado anakusalimu. Barua hii nampa Séraphin, yule muuza makala, mkaa wa kupikia, wa huko kwenu, maana akishauza magunia yake anarudi na baiskeli tupu na habari zetu hazina uzito. Usimpe lutuku, pombe yake ile kali, kabla hujashika barua mkononi.

Kazi iko vile vile. Asubuhi tunakwenda, kila mtu anatundika jetoni yake ubaoni, kile kipande cha shaba chenye namba, ili chef wa seksioni aone kwamba bado tupo. Halafu tunakaa kwenye kivuli cha tanuru lililozimwa na kuongea habari za mpira. Mshahara umekuwa hadithi. Unga wa kampuni unakuja ukipenda. Lakini jetoni lazima itundikwe, nawe uonekane umesimama kwa miguu yako, maana asiyeweza kusimama chef Germain anamwandika kuwa hafai, na asiyefaa anarudisha ufunguo wa nyumba. Nyumba mbili mbele yetu ziko wazi tangu wenyewe walipofukuzwa mkoani wakapanda treni mwaka wa 93, popo wanazaa ndani, na bado kampuni inataka funguo.

Sasa nina ombi, na usinicheke. Ni kwa ajili ya jirani yangu Barnabé, yule aliyefiwa na mke, unamkumbuka, alivaa kofia ya kizungu siku ya matanga ya mama. Miguu yake imeanza kufa ganzi. Ilianza kwenye vidole, kama mtu anayetembea juu ya pamba, sasa imepanda hadi kwenye vifundo. Asubuhi inakuwa baridi kama chuma. Anaweza kupoteza kandambili moja njiani asijue mpaka afike mlangoni. Dispensari inampa karatasi yenye jina la dawa, dawa yenyewe akaitafute mjini.

Nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa anawakanda wazee. Najua nilisema mara nyingi kwamba majani ni chakula cha mbuzi. Lakini sijawahi kuona mbuzi aliyekufa ganzi. Niandikie dawa, na mbele ya Séraphin usimtaje mgonjwa. Barnabé ana aibu.

Mdogo wako,
Mathieu

———

Kapolowe
19 Machi 1995

Mdogo wangu Mathieu,

Barua imefika, na Séraphin alipata lutuku yake baadaye, kama ulivyoagiza. Nimecheka peke yangu shambani mpaka jirani akafikiri nimeona nyoka. Mtu wa kampuni! Wewe uliyekuwa unatibiwa na madaktari wenye saa za dhahabu, leo unabisha hodi kwenye kapu langu la majani. Karibu. Kapu halina kinyongo.

Ila nashangaa. Unaijua miguu ya Barnabé kama vile unalala ndani ya soksi zake. Ninyi wanaume wa Panda sasa mnakaa kwenye kivuli cha tanuru mkisimuliana vidole?

Kabla sijachuma kitu, nijibu swali moja: anasikia au hasikii? Mama alikuwa anaanzia hapo, hakugusa jani kabla ya hapo. Kuna mguu wa baridi ambao damu yake imelala. Huo unauma, unawasha, unachomachoma, na mtu analalamika. Huo tunauamsha kwa moto. Na kuna mguu uliokaa kimya. Mfumbe macho jirani yako, mpitishie unyoya wa kuku chini ya vidole, kisha ncha ya mwiba, na umuulize nini kimemgusa. Akisema hajui, usimtie kwenye maji ya moto hata kidogo. Mlete hapa misheni, masista wamwangalie. Wana uzi wao wa pamba, ule waliokuwa wanawapimia watu wa ukoma zamani, wanagusa nao hapa na pale na wanajua.

Nijibu hilo, nami nitakwenda kuchuma.

Dada yako,
Philomène

———

Panda, Likasi
2 Aprili 1995

Yaya,

Unawezaje kuandika neno ukoma katika barua inayosafiri na Séraphin? Yule ana mdomo mpana kuliko barabara ya Lubumbashi. Hapa kambini neno hilo likisikika asubuhi, jioni hakuna mtu anayechota maji kwenye bomba moja nawe. Mke wa mtu anauza sombe, majani yake ya muhogo, sokoni, nani atazinunua?

Barnabé hana ugonjwa huo. Nimemjaribu mwenyewe kwa unyoya na kwa mwiba, kama ulivyosema, na kwenye mwiba alipiga kelele. Anasikia vizuri kabisa. Ni damu tu imelala, kwa kukaa bila kazi, na kwa bukari, ugali mtupu usio na mboga. Tuma dawa.

Mado anakusalimu. Analalamika kwamba nakunywa ndoo nzima ya maji peke yangu. Nimemwambia maji ndiyo kitu pekee ambacho bado kinapatikana Likasi.

Mathieu

———

Kapolowe
10 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Kama anasikia, basi vizuri, nimetulia. Dawa ni hii, nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu.

Mna majani ya mkaratusi, tangawizi iliyokauka na pilipili ya shamba langu. Ponda tangawizi na pilipili, chemsha pamoja na majani mpaka jiko zima linuke, tia chumvi kiganja kimoja. Mimina kwenye beseni. Maji yawe ya moto kadiri anavyovumilia. Atie miguu na akae hapo mpaka asikie mchomo unapanda kwenye mashavu ya miguu. Mchomo ndio damu inaamka. Asiposikia mchomo, basi maji yamepoa au pilipili ni kidogo, ongeza. Halafu mkaushe, umkande kwa mafuta ya mbarika kutoka vidoleni kwenda juu, kwa sababu damu inarudishwa kwenye moyo, haifukuzwi. Kila siku, mpaka mwezi uishe.

Umesema nisimtaje mbele ya Séraphin. Sikumtaja. Ila ni wiki ya Pasaka, mtu amefiwa na mke na anaumwa miguu, na ziwa mwaka huu limetoa samaki. Nimemtumia wawili waliokaushwa na kikaratasi kidogo ndani, Séraphin atamfikishia nyumbani kwake akipata nafasi. Samaki hawasemi.

Mwambie Mado ale na yeye, si kuuza tu.

Philomène

———

Panda, Likasi
30 Aprili 1995

Yaya Philomène,

Dawa imefika na kazi imeanza. Tunafanya mchana, nikirudi kutoka kwenye jetoni, wakati Mado yuko sokoni, ili kusiwe na maswali. Harufu nzuri sana, inanikumbusha nyumba ya mama wakati wa mvua.

Huyu Barnabé ni mwanaume kwelikweli. Maji ambayo mimi natia kidole cha mkono na kukitoa mbio, yeye anakaa ndani ametulia na kusoma gazeti la mwaka juzi. Hajalalamika hata mara moja. Ila mchomo haujapanda bado. Nimeongeza moto kama ulivyosema, nimeongeza pilipili, na bado. Nafikiri pilipili yako imepoteza nguvu njiani. Tuma nyingine, ile ndogo nyekundu ambayo mama alikuwa anawatishia nayo watoto.

Ngozi imeanza kutoka chini ya unyayo. Naona ni ile ya zamani inaondoka ili mpya ije.

Samaki wa Barnabé sijui kama wamefika, mtu huyo haongei. Lakini, yaya, haikuwa lazima kumwandikia. Ungeniachia mimi.

Chef Germain anapita kila asubuhi kuangalia nani ameegemea ukuta. Sisi tunasimama.

Mathieu

———

Panda, Likasi
14 Mei 1995

Mheshimiwa Mama Philomène,

Nashika kalamu hii kwa mkono ulio mzima na moyo ulio na mshangao. Naitwa Barnabé, jirani wa mdogo wako Mathieu, yule wa kofia. Séraphin alinifikishia samaki wawili na kikaratasi chako kinachosema: «Pole kwa miguu, baba. Vumilia maji, mchomo utakuja.»

Mama, samaki nimewala kwa shukrani. Tangu marehemu mke wangu aondoke hakuna mtu aliyenikaushia samaki. Lakini yale maneno nimeyasoma mara nyingi, na sijayaelewa. Miguu yangu, kwa neema ya Mungu, ni ya kijana. Jumapili baada ya misa niliendesha baiskeli mpaka Kambove kumwona shemeji na nikarudi siku hiyo hiyo. Kama kuna mtu huko Kapolowe aliyenisema kuwa kilema ili kuniharibia jina, tafadhali nitajie. Na kama hii ndiyo namna ya mwanamke wa heshima ya kufungua mazungumzo, basi usione haya. Hata mimi ni mtu mzima na jioni zangu ni ndefu.

Hapa kwetu sisi sote tunakwenda taratibu tu. Anayenitia wasiwasi ni Mathieu mwenyewe. Siku hizi anachechemea, anavaa soksi mbili mbili kwenye joto, na anapotundika jetoni anajishika ubaoni ili Germain asimwone anayumba. Nilimuuliza, akanijibu: «Ni kiatu tu, Barnabé, kiatu iko inanibana.» Lakini kiatu anachovaa ni kile cha kazi, kikubwa kama mtumbwi.

Pokea heshima zangu zote.

Barnabé

———

Kapolowe
18 Mei 1995

Mado, wifi yangu,

Barua hii nimempa Séraphin na nimemwambia akiipoteza asirudi tena kwenye njia hii. Isome ukiwa peke yako.

Mvue mume wako soksi leo. Usimwombe, mvue. Angalia chini ya unyayo na katikati ya vidole. Kama kuna beseni na majani ya mkaratusi, mwaga. Maji ya moto yasimguse tena, wala pilipili.

Halafu nenda uangalie pale anapokojolea nyuma ya nyumba kama sisimizi wanakusanyika. Unijibu.

Aliniambia mgonjwa ni Barnabé. Nilimuuliza kama anasikia, akaniambia anasikia. Mimi mjinga nikafurahi kwamba ananiomba kitu.

Philomène

———

Panda, Likasi
21 Mei 1995

Wifi Philomène,

Nilimvua. Alikataa, akasema: «Mado, minye niko muzima, acha maguru yangu.» Nikakalia magoti yake kama mtu anayemshika mbuzi wa sikukuu, nikamvua.

Mguu wa kushoto ngozi imebabuka lakini nyama bado ni nyekundu. Wa kulia, wifi, sijui niandike vipi. Unyayo umekuwa mweupe na laini kama bukari iliyolala majini. Chini ya kidole gumba kuna tundu, na ndani ya tundu nilitoa kokoto. Alikuwa anatembea nalo. Anakwenda nalo kazini, anarudi nalo. Nilipolitoa alikuwa anatazama dirishani na hakugeuka. Harufu nilikuwa naisikia siku nyingi nikafikiri ni panya amekufa darini, nikamtafuta panya.

Sisimizi wapo. Tangu Krismasi namwaga majivu pale, nikidhani ni watoto wanatupa maganda ya muwa.

Nilimuuliza ju ya nini hakusema. Akasema: «Bakisema ni ukoma, weye hautauzisha tena. Na Germain atanifuta, batatutosha mu nyumba. Tutaenda wapi, Mado?» Nilikuwa na hasira, wifi, na bado ninayo. Nimelala kitanda kimoja na mguu ule na sikuujua. Nikirudi sokoni nimechoka kiasi kwamba sitazami mtu, natazama mto tu.

Kesho Barnabé na Séraphin wanamleta. Atakaa juu ya baiskeli pale magunia ya makala yanapokaa, wao watasukuma kwa zamu. Barnabé hajakasirika kwamba alifanywa mgonjwa. Alisema: «Nilikula samaki yake, basi nisukume baiskeli yake.» Ila ameuliza kama utakuwepo nyumbani.

Mimi nabaki, maana nyumba ikikutwa imefungwa inachukuliwa.

Mado

———

Kapolowe
25 Juni 1995

Mado mke wangu,

Usiwe na wasiwasi. Nipo hapa misheni, nalala kwenye kitanda chenye shuka, bukari na samaki vinakuja bila kuvitafuta. Sista Angèle, nesi, alinifumba macho akanigusa na ule uzi wa pamba. Kila aliponiuliza, «Sasa?», nilisema «Ndiyo» kwa kubahatisha, mpaka akacheka. Alisema: «Papa Mathieu, sijakugusa bado.»

Si ukoma. Narudia, ili na wewe urudie kwa sauti pale bombani: si ukoma. Ni sukari kwenye damu. Imekula miguu polepole, kimya kimya, na maji ya moto yakamalizia. Dawa ya vidonge wanayo wakati mwingine, na wakati mwingine hawana. Muwa na chai ya sukari nimekatazwa, kana kwamba tulikuwa navyo.

Wamenipunguza vidole kidogo mguu wa kulia. Ni kitu kidogo. Nitarudi hivi karibuni. Mwambie Barnabé aendelee kunitundikia jetoni.

Mathieu wako

Mado, ni mimi Philomène, naongeza chini kabla sijafunga. Usimwamini. Wamekata unyayo wa kulia katikati, kimebaki kisigino na kipande. Nilimshika mabega wakati wa kubadilisha kitambaa, na hakulia kwa sababu hakuna kilichokuwa kinamuuma, na hilo ndilo liliniliza mimi.

Yeye alidanganya, ndiyo. Lakini aliyeandika «asiposikia mchomo, ongeza» ni mimi. Mtu asiyesikia utamwambiaje avumilie kadiri anavyoweza? Angeweza kuvumilia mpaka mfupa. Mama asingeandika dawa kwenye karatasi. Angetia mkono wake kwanza. Tangu siku ile watu wanakuja na vikapu vyao na nawarudisha. Sijachuma jani tena na sidhani nitachuma.

———

Panda, Likasi
20 Agosti 1995

Mathieu,

Nimesoma barua zote mbili zilizokuwa kwenye karatasi moja. Umeanza tena. «Vidole kidogo.» Siku utakapokufa utaniandikia kwamba umelala kidogo.

Hapa ni hivi. Barnabé anatundika jetoni yake na yako kila asubuhi. Wenzenu wote wanaona na wote wanatazama pembeni. Lakini Jumatatu chef Germain alisimama mbele ya ubao na kumuuliza: «Barnabé, weye iko na mikono ngapi? Mbona naona jetoni mbili?» Barnabé akamjibu kwamba umekwenda kwenye msiba wa mjomba wako. Germain akasema: «Iyi matanga iko murefu sana. Akirudia, nitaenda kumuona kwake.» Halafu akaondoka zake polepole. Basi atakuja. Tunamngoja kama watu wanavyongoja mvua huku paa linavuja.

Sombe hazinunuliwi, si kwa sababu ya neno lako la kuogopwa, ila kwa sababu kila mwanamke wa Panda sasa anauza sombe na hakuna aliyebaki kununua. Nimechoka, Mathieu. Zamani nilikuwa nachoka miguu, sasa nachoka hata nikiwa nimekaa.

Usinifiche kitu tena. Sikuolewa na miguu yako, wala na nyumba ya kampuni. Rudi na chochote kilichobaki.

Mado

———

Panda, Likasi
15 Oktoba 1995

Yaya Philomène,

Nimefika salama. Barnabé alinisukuma mpaka mlangoni na alikuwa anaimba njia nzima. Sikumuuliza mlizungumza nini siku zile mbili alizokaa kwako, ila nimeona kofia ina kifungo kipya.

Sasa nikueleze tunavyoishi. Jioni Mado anachemsha maji, anayapooza, halafu anatia kiwiko chake, kama alivyokuwa anawafanyia watoto walipokuwa wadogo. Mimi nilitaka kutia mkono wangu mwenyewe. Alikataa, alisema mkono wangu nao ni mwongo, ulichomwa kila siku na haukunishawishi. Anasema, «Sasa», na ndipo natia mguu wa kushoto kwenye maji ya uvuguvugu, kuuosha tu. Namtazama usoni kujua maji yakoje. Kisha ananikausha katikati ya vidole, anatafuta kama kuna kidonda kwa kipande cha kioo, na ananikanda kwa mafuta ya mbarika uliyonipa, kutoka chini kwenda juu. Mguu hausikii, lakini mimi nasikia. Sijui kama umenielewa.

Chef Germain alikuja jana.

Mado alimfungulia na akabaki amesimama mlangoni na upawa mkononi. Nilikuwa nimekaa na soksi zangu, fimbo kando. Germain hakukaa. Aliongea habari za seksioni, habari za tanuru ambalo litawashwa, siku fulani, na Wazungu fulani. Nilikuwa nangoja aseme neno la ufunguo. Nilishaanza kutazama kuta na kufikiria kitanda kitapitaje mlangoni.

Mwishowe akasema: «Mathieu, banasema dada yako wa Kapolowe anajua dawa ya maguru. Iko bibi moja, shangazi wa bibi yangu. Maguru yake inakufa ganzi. Njo nimekuya kuuliza.»

Yaya, nikatazama viatu vyake. Vile vya kazi, vilivyopigwa rangi, kamba zimefungwa hovyo, moja imekanyagwa mpaka imekatika na hajui.

Nikamuuliza swali lako. Nilimuuliza kama vile ungeuliza wewe: «Shangazi huyo, iko anasikia ao hasikii?»

Akajibu mbio: «Anasikia muzuri. Muzuri kabisa.»

Niliinama nikavua soksi ya kulia, nikauweka mguu wangu juu ya stuli mbele yake, hicho kisigino na kipande. Nikamwambia: «Na huyu pia alikuwa anasikia muzuri kabisa.»

Mado aliweka upawa chini. Halafu Germain, yule anayehesabu nani ameegemea ukuta, akatafuta ukuta wetu akauegemea. Akateleza mpaka akakaa sakafuni, na akaanza kufungua kamba za viatu. Mado ndiye aliyemsaidia cha pili. Chini ya unyayo hakuna kidonda bado. Kipo kimoja kidogo tu kisiginoni, kama shaba ya senti.

Kesho Séraphin anampeleka kwa Sista Angèle, kwa uzi wa pamba. Habari za jetoni yangu hakuzitaja, wala mimi sikuzitaja.

Najua umeacha kuchuma majani. Lakini chuma tena, yaya. Si ya kuchoma, ya kukanda tu, na mafuta mengi. Na kwenye karatasi usiandike tena moto kadiri anavyovumilia. Andika: kiwiko cha mke wake.

Kabla Germain hajaondoka nilishika kalamu nikamuuliza niandike dawa ni ya nani, ya shangazi? Alifunga kamba zake kwanza, polepole, zote mbili.

«Andika minye,» akasema.

Mdogo wako,
Mathieu